Kikapu cha Maganda

Haya wapendwa, shikamooni wakubwa wangu, na nyie wadogo marahaba hata kabla hamjasema. Mwenyekiti amesema nisimame. Nitasimama mpaka goti hili likatae, na likikataa mtaniletea kiti.

Leo sikuwa nimejiandaa kusema. Lakini Jumatano nilisikia kwamba mmoja wetu, humu humu kwenye kikundi chetu cha wafugaji, amefiwa na ng'ombe, na amejifungia ndani akisema yeye ndiye aliyemuua. Simtaji, na nyie msigeuze shingo kumtafuta. Nilisema moyoni, huyu nikimpelekea uji tu bila kumwambia habari zangu, nitakuwa nimemnyima. Kwa hiyo nitawaambia wote. Majina ya watu sitataja hata moja. La ng'ombe wangu nitalitaja, maana yeye hatakasirika. Aliitwa Gaju, kwa ile rangi yake ya kahawia iliyofifia.

Wengi wenu mmezaliwa juzi. Mimi niliolewa kilimani, upande wa Murusagamba, kabla hatujahamishwa. Kule kila mji wa mtu ulikuwa katikati ya migomba yake, na ng'ombe walitoka asubuhi wakajitafutia wenyewe bondeni. Hakuna aliyewaza ng'ombe anakula nini. Anakula majani, basi. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tukapangwa kwa mistari, nyumba kwa nyumba, na ng'ombe wa watu wote wakawa wanachungwa pale pale karibu. Mwaka wa kwanza majani yalitosha. Baadaye ukitoka nje ya kijiji ulikuwa unaona udongo mtupu na kwato.

Sasa kwetu Wahangaza wa wakati ule, mwanamke hakamui. Utafagia zizi, utabeba samadi kichwani mpaka kwenye migomba, utaosha vyombo vya maziwa, utatikisa kibuyu mpaka siagi itoke na mabega yakuume. Kiwele hukigusi. Wazee walisema mkono wa mwanamke ukigusa kiwele, maziwa yanakauka au ndama anakufa. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Niliamini tu.

Vita vya mpakani vilipoanza, mume wangu alikuwa mgambo, akaitwa. Siku ya kuondoka alikwenda zizini kumpapasa Gaju kwanza, ndipo akaja kuniaga mimi. Msinicheke, ndivyo walivyokuwa! Akaniambia, "Huyu ana mimba. Akizaa, mtoto wetu apate maziwa. Nikirudi niwakute wote wawili." Mtoto wetu wa kike alikuwa ametoka kuugua surua. Miguu yake ilikuwa myembamba kama vidole vyangu hivi, na chakula chochote ulichompa alikitema, isipokuwa maziwa.

Gaju akazaa ndama dume, mzuri, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Mzee jirani alikuwa anakuja kutukamulia kila asubuhi. Mtoto akaanza kunywa, akaanza kusimama akishika ukuta. Nikawa namwambia Mungu asante kila nikimwona ameshika ule ukuta.

Halafu yule mzee akavimba miguu, asiweze kutoka kwake. Vijana walikuwa vitani, na wanaume waliobaki walikuwa kwenye zamu za ulinzi au shambani kwa kijiji. Siku ya kwanza niliomba mtu, hakuja. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mtoto alikaa chini, akakataa kusimama. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilichukua chombo, nikaingia zizini jua halijachomoza, nikachuchumaa. Gaju aligeuza kichwa akanitazama, halafu akaendelea kucheua. Maziwa yakatoka.

Nikakamua hivyo kwa siri kwa wiki mbili hivi. Mama mkwe wangu, ambaye tulikaa naye nyumba moja, nikamwambia mzee amepona kidogo, anapita mapema. Alikuwa mama mkali, wa maneno machache. Akasema, "Haya."

Kipindi hicho kijiji kilikuwa kinachanga chakula kwa ajili ya askari. Sisi wanawake tulikusanyika ofisini kumenya mihogo, ile michungu, ikaanikwe iwe makopa. Tulimenya siku nzima tukiimba, kila mtu akimwimbia wake aliyekwenda vitani. Jioni maganda yalikuwa rundo kubwa, meupe, mabichi. Mimi nikayatazama, nikamkumbuka Gaju ambaye mbavu zake zilikuwa zinahesabika, maana mvua zilikuwa zimekatika na malisho yameisha. Nikasema, Mungu kanionyesha chakula. Nikajaza kikapu mpaka juu, nikatembea nacho nyumbani nikiwa na furaha.

Mihogo michungu tuliijua, nani asingeijua? Mtu hali mpaka irowekwe au ikauke. Lakini hayo tulikuwa tunayasema kwa ajili ya watu. Ng'ombe hatukuwahi kumletea chakula kwa kikapu tangu dunia iumbwe. Alikuwa anakwenda kula mwenyewe, anachagua mwenyewe. Kumbe siku ile niliyoanza kumchagulia mimi, ndiyo niliyotakiwa kufikiri.

Nilimpa ndama kwanza. Alikuwa ameanza kutafunatafuna, nikasema mtoto ale kabla ya mama yake. Nilimwekea kikapu puani. Gaju alipata yaliyobaki chini.

Haukupita muda. Ndama akaanza kuhema, povu likatoka, miguu ikamwishia nguvu. Nilikipakata kichwa chake. Akafa nimemshika, na doa lake jeupe likiwa limelowa machozi yangu. Gaju naye alitetemeka, akaanguka kwa magoti, lakini akainuka.

Watu wakajaa. Sijui nani alikuwa ameniona nikikamua, lakini neno likatoka pale pale zizini: amegusa kiwele. Mama mmoja akashika kichwa akasema, "Ameua ng'ombe wa mtu aliye vitani." Mama mkwe alisimama mlangoni. Mimi ndugu zangu sikujitetea. Niliamini kabisa. Nikaificha mikono yangu ndani ya khanga, na nikaapa sitamgusa Gaju tena. Hata mtoto wangu niliogopa kumshika.

Asubuhi mwenyekiti wa kijiji akaja na bwana mifugo. Kijana mmoja mrefu, ana baiskeli, na mabegani ana mfuko wa turubai. Alikuwa anazunguka vijiji vyetu akifanya utafiti wa chakula cha ng'ombe, baada ya watu kuhamishwa. Tulikuwa tunamcheka, mtu mzima anaokota majani na kuandika. Akanisalimia kwa heshima, akauliza kilichotokea. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Ni mimi. Nimekamua, na mimi ni mwanamke."

Akasema, "Pole sana mama. Jana alikula nini?"

Nikarudia, "Nimekamua."

"Nimesikia mama. Alikula nini?"

Wapendwa, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Hata mimi sikuwa nimejiuliza. Nikaonyesha kikapu. Akakichukua, akanusa, akatazama ukubwa wake. Halafu akampasua ndama tumboni, akatuonyesha. Maganda yale yale. Akasema ni sumu iliyomo kwenye mihogo michungu ikiwa mibichi, ndiyo hiyo inayokatazwa kwa watu. Kisha akanigeukia akasema taratibu, "Mama, si mkono wako. Ni kikapu chako."

Nililia kuliko jana yake. Maana bado ni mimi niliyembebea ile sumu kichwani, tena nikiimba. Lakini ndani ya kile kilio nikasikia kitu kimelegea. Mkono wangu ungekuwa ndio wenye laana, ningeufanya nini? Ningeukata? Kikapu naweza kubadilisha kilichomo.

Mama mkwe hakujua Kiswahili. Alinivuta pembeni akauliza kwa Kihangaza, kijana anasema nini? Nikamweleza neno kwa neno, na ule uongo wangu kuhusu mzee jirani nikauungama hapo hapo. Akasema, "Nilijua. Mzee yule anakohoa akitembea. Wiki mbili sijasikia kikohozi." Halafu akaenda kukaa na mtoto.

Tatizo likabaki moja. Gaju alikuwa analia akimtafuta ndama wake, na kiwele kilikuwa kimevimba, kigumu, cha moto. Bila ndama mbele yake alikuwa hashushi maziwa. Bwana mifugo alisema asipokamuliwa kitaoza. Mwenyekiti akatuma kuita mwanaume wa kukamua, lakini Gaju alimpiga teke, yule mwanaume akaondoka akichechemea. Mtoto wangu alikuwa ndani hana sauti hata ya kulia. Mimi nimesimama, mikono ndani ya khanga.

Ndipo mama mkwe akatoka. Alikuwa amemchuna yule ndama, ngozi yake akaijaza nyasi kavu, akaipaka chumvi ya magadi kidogo aliyokuwa ameificha, na chumvi wakati ule wa vita mnaijua ilivyokuwa adimu. Akaiweka mbele ya Gaju. Gaju akanusa. Akaanza kuilamba, polepole, pale kwenye doa jeupe. Mama mkwe akaniletea chombo, akaniweka mkononi, akasema, "Chuchumaa."

Nikasema, "Mama, mwiko."

Akatugeuzia mgongo, uso wake ukielekea migombani. Akasema, "Mimi natazama migomba. Sijaona kitu."

Nikachuchumaa. Nikaweka paji la uso langu kwenye ubavu wa Gaju, nikakamua huku machozi yanaingia mdomoni. Yalikuwa maziwa kidogo sana. Mtoto aliyanywa yote.

Na tangu siku ile kila asubuhi ilikuwa hivyo. Mama mkwe anashika ngozi ya ndama kwa mkono mmoja, anatazama migomba, anamwimbia Gaju nyimbo za zamani za wachungaji. Hakuwahi kugeuka hata siku moja. Na hakuwahi kukosa.

Bwana mifugo alirudi kila baada ya siku kadhaa. Alinifundisha kuyakata maganda vipande vidogo na kuyaanika juu ya mwamba kwenye jua kali, mpaka yakivunjwa yanalia. Tukaanza kwa kiganja kimoja. Kesho yake hajadhurika, viganja viwili. Tukachanganya na marando ya viazi yaliyonyauka kidogo, na shina la mgomba lililokatwakatwa. Akasema Gaju asifungwe juani, awekewe kivuli, apate maji mara mbili. Mimi nilikuwa nimesoma kisomo cha watu wazima, nikaandika kwa mkaa ukutani: leo amekula nini, ametoa maziwa vikombe vingapi. Alifurahi alipoona ukuta wangu! Aliunakili wote kwenye daftari lake. Na kwa kuwa hatukuwa na mizani, alinifundisha kumpima Gaju kifua kwa kamba ya mgomba, nikifunga fundo pale inapofikia. Kila fundo jipya likisogea mbele ya lile la zamani, namwita mama mkwe aje aone. Anasema, "Funga vizuri, lisije likafunguka."

Kijiji kizima kikaanza kuanika maganda. Wale walionisema walikuja kuuliza siku ngapi juani. Niliwaambia. Ningewanyima, ng'ombe wao walinikosea nini?

Vita vikaisha, wanaume wakaanza kurudi. Siku aliyorudi mume wangu nilikuwa mwambani nimeanika. Mtoto alikuja akikimbia, nasema akikimbia, ananiita. Nilipofika, baba yake alikuwa amesimama zizini, amekonda, ana kovu shingoni, ameshika kichwa cha Gaju. Akauliza, "Ndama?" Nikamweleza yote, bila kuficha, mikono yangu nimeitoa nje. Akachukua chombo, akachuchumaa yeye. Gaju akakunja mguu, akakataa. Akajaribu tena, akakataa tena.

Akamtazama mama yake. Mama mkwe alikuwa ameshageuka, anatazama migomba.

 Mume wangu akainuka, akanipa chombo. Akaenda mbele, akashika ile ngozi iliyochakaa, akampa mgongo Gaju na mimi pia, akasimama bega kwa bega na mama yake. Nikasikia anasema kwa sauti ya chini, "Sijaona kitu." Na mama yake akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

Wapendwa, nawashukuru. Namshukuru yule kijana wa baiskeli, sijui aliko, Mungu ajue aliko. Namshukuru mama mkwe wangu, tuliyemzika hapo juu kati ya migomba aliyoitazama sana. Namshukuru Gaju, aliyezaa tena mara nne, na ninaona wajukuu wake kwenye mazizi yenu. Kamba yenyewe hii hapa, nimeileta, ishikeni taratibu, imekauka.

Mfugo akikufia, lia. Lakini ukimaliza kulia usitafute laana mkononi mwako wala mkononi mwa mwenzio. Tazama kikapu, tazama maji, tazama kivuli.

Na wewe mwenzetu uliyejifungia, najua utaambiwa niliyosema hapa. Kesho asubuhi nitapita kwako, goti likiruhusu. Nifungulie. Sitakuuliza ulimfanya nini. Nitakupa pole, tutakaa, halafu nitakuuliza alikula nini.