Fundi Pumzi na Mabomba Yaliyomshinda Kuchagua

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi wa magari ya mbio, yule mliyemjua kwa jina la Fundi Pumzi. Fundi Pumzi hatunaye tena. Jina hilo alipewa na wateja, maana kila gari lililoletwa aliliinamia akasema, "Hili halina pumzi, jamani." Kazi yake ilikuwa manifoldi, yaani yale mabomba yaliyoungana yanayoingiza hewa kwenye injini.

Kwa wateja hakuwa na kigugumizi. Unakimbia tambarare? Chukua mabomba mafupi, injini ikichanganya utaniambia. Unapanda milima? Chukua marefu, yanavuta tangu chini. Haya, nenda zako!

Lakini gari lake mwenyewe, lo! Lilimshinda.

Mkewe ndiye aliyetusimulia. Siku ya harusi yao, gari la bwana harusi lilizimika katikati ya mlima wa kwenda kwao bibi harusi, wageni wakashuka kulisukuma. Mama mkwe, mcheshi wa kupindukia, akamtania: "Mkwe wangu, gari lako lina pumu!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye naye alicheka, ila maneno yale yalimkaa rohoni. Akaapa kwamba akirudi kwa mama mkwe, ataupanda mlima ule kwa kishindo.

Basi akaing'oa manifoldi iliyokuja na gari, akaanza kutafuta nyingine. Akaleta yenye mabomba marefu; boneti ikakataa kufunga. Akairudisha. Akaleta yenye mafupi. Ilinguruma vizuri, ila mlimani ingezubaa. Akairudisha. Akasikia kuna nyingine yenye vilango ndani, inayojigeuza ndefu au fupi. Hiyo akakaa kuingojea, na gari likabaki juu ya mawe.

"Baba watoto, twende hata kwa basi," mkewe alimwambia. "Mama anazeeka."

"Subiri kidogo, mama watoto. Nataka anisikie nikiwa bado bondeni."

Subiri kidogo. Jibu lake kila likizo lilikuwa hilo hilo. Watoto wakakua wakimjua bibi yao kwa simu tu. Mke hakutaka kwenda peke yake, aliona ni kumwaibisha mumewe. Alinuna, akabembeleza, mwisho akanyamaza. "Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma," anasema. "Ningemvuta hata kwa shati."

Kisha mchana mmoja, karakana imejaa watu, moyo wa fundi ukasimama. Alikuwa akimshauri mteja kuhusu mabomba.

Mama mkwe alifika mazishini. Alikuja kwa basi, ameshikwa mkono na jirani. Alipoonyeshwa lile gari aliliegemea, akalia kwa sauti. "Mkwe wangu, mimi nilikuwa natania! Si ungekuja hata kwa miguu?" Binti yake alimkumbatia, wakalia pamoja.

Mjane, watoto, na wewe mama yetu uliyesafiri njia ndefu ile, poleni sana. Sisi hapa studioni tunaomboleza pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, hebu fikirini: nani anawangojea huko, huku mkisubiri mambo yakae sawa? Nendeni na hicho mlicho nacho. Msipokwenda nyinyi, watakuja wao, nanyi hamtakuwepo kuwapokea.