Mzee Katsube Hakupogoa Misonobari Ile ya Julai

Leo ni tarehe 20 Novemba 2018. Ni miaka kumi na moja na miezi miwili tangu niondoke kwetu Tsugaru kuja kufanya kazi huku Izumo, na zimebaki siku kumi Mzee Katsube Tokuji astaafu. Amepogoa kuta za misonobari za uwanda huu, ile miti mirefu iliyopandwa mstari kukinga nyumba na upepo, kwa miaka hamsini na minne. Atashuka ngazi kwa mara ya mwisho tarehe 30, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Katibu wetu, Bi Nagami, amenipa ukurasa huu wa jarida la ushirika wetu wa wapogoaji kwa sababu wenye elimu walisema wana shughuli. Mimi niliishia darasa la tisa. Ameniambia niandike kwa furaha. Furaha ipo, nitaiandika. Hasira nayo ipo, na aliyeileta si mimi.

Mzee alianza na kamba. Mjomba wake alimfungisha mianzi ya kusimamia kwa miaka miwili kabla hajamruhusu kugusa mundu. Mpaka leo kila mwanzi huufunga mwenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kuanguka akiwa chini ya usimamizi wake. Kilichoanguka ni kofia yake, tena mara moja tu, ikatua kwenye bakuli la supu la mwenye nyumba.

Kabla ya kuanza ukuta wowote huomba aingie jikoni. Wageni katika kazi hudhani anatafuta chai. Husimama kwenye sinki akatazama nje. Alinieleza kwamba mpita njia huutazama ukuta mara moja akaenda zake, lakini anayeosha vyombo huutazama kila siku, kwa hiyo huyo ndiye wa kupogolewa ukuta.

Kisha hupanda, na mkono wake huingia ndani ya mti hadi bega, ukatoa sindano kavu za mwaka jana moja moja, ili jua na upepo vipite. Ukinyoa nje tu, ukuta unapendeza wiki mbili huku ndani unakufa. Katika ile tufani ambayo watu wa hapa bado wanahesabia umri wa watoto wao, kuta zilizonyolewa nje tu ziling'oka na mizizi zikalalia mapaa. Zake zilipiga mluzi usiku kucha, asubuhi zikawa zimesimama.

Wiki yangu ya kwanza nilikata kama tunavyokata mitufaha kwetu. Akaniita kutoka juu. "Huku si Tsugaru, kijana. Mti huu hauzai cha kula. Unakata kwa njaa gani hiyo?" Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Bado ananiita kijana.

Sasa nifike kwenye Julai ya mwaka jana.

Misonobari hupogolewa kuanzia vuli hadi kabla ya masika. Ukiikata wakati wa joto inatoka utomvu, na harufu yake inawaita mbawakawa wanaobeba mnyoo unaoua msonobari. Hilo analijua hata anayefagia. Mwenyekiti wetu Kageyama analijua pia. Lakini lori lenye kikapu cha kuinulia watu lilipatikana Julai tu, naye alitaka ukuta wa Mama Itohara Fusae, mjane mwenye misonobari saba, umalizwe kwa mashine kwa siku moja na nusu badala ya siku tisa.

Mzee Katsube alikataa pale ofisini, mbele yetu sote. "Kateni nyinyi," alisema. "Jina langu halipandi kwenye kikapu hicho."

Mwenyekiti akacheka. "Lipande tu, mzee. Halina uzito wa kukivunja."

Mzee akachukua kofia akaenda nyumbani. Kazi ikafanywa na vibarua wawili wa kutoka nje. Mimi nilikuwa chini nakusanya matawi. Naliandika hili ili mtu asiseme nimesimuliwa. Nilifagia, na sikufungua mdomo.

Ripoti ya kazi inahitaji muhuri wa msimamizi, wenye jina lake, ambao kwetu ndio sahihi ya mtu. Mihuri yetu sote hukaa kwenye droo ya ofisi, kila mmoja katika kisanduku chake, ili tusishuke mtini kwa ajili ya kila karatasi. Tulizoea hivyo miaka mingi, tukaona ni nafuu. Mwenyekiti alifungua droo, akatoa muhuri wa mtu aliyekataa kazi, akaugonga chini ya kazi hiyo.

Kiangazi cha mwaka huu misonobari mitatu kati ya saba iligeuka rangi ya shaba. Ikaangushwa, ikafunikwa turubai, ikachomwa moto. Mama Itohara, ambaye siku zile za Julai hakuwapo nyumbani, aliuliza ni nani aliyepogoa, akapewa nakala ya ripoti. Muhuri mwekundu, Katsube.

Mwezi uliopita mzee aliomba ukuta huo uwe kazi yake kubwa ya mwisho. Katika nyumba hiyo, kwa miaka arobaini, chai ilimfikia saa nne na saa tisa, pamoja na achari ya figili. Safari hii saa nne ilipita, na saa tisa pia. Naye hakuomba kuingia jikoni. Siku ya pili ikawa vilevile. Nilimwambia akamweleze mama wa watu ukweli. Akanijibu kwamba muhuri ni wake na aliuacha kwenye droo mwenyewe. Nikamwambia huo ni ujinga. Akaniambia nivute kamba.

Siku ya tatu nilienda mlango wa jikoni na vumbi langu, nikamweleza Mama Itohara yote: Julai, mashine, droo, na mimi niliyefagia. Alisikiliza mikono ikichuruzika maji. Alitoka hadi chini ya ngazi akatazama juu.

"Mzee Katsube," alisema, "dirisha la jikoni limekungoja siku tatu. Shuka uje utazame."

Alishuka, akavua viatu, akasimama kwenye sinki muda mrefu. Kisha akapanda tena, akavuta matawi ya misonobari iliyobaki pande zote za pengo la ile mitatu, akayafunga kwenye mwanzi uliolala katikati. Tulipoondoka jioni, ukitazama kutoka kwenye sinki, pengo lilikuwa limebaki nusu. Na chai tulikunywa mara mbili.

Katika rasimu niliyopewa na ofisi iniongoze kulikuwa na maneno "licha ya tukio la kusikitisha katika nyumba ya Itohara". Nimeyatoa. Bi Nagami amekubali kuchapa ukurasa huu kama ulivyo.

Nasikia mzee ameandaliwa zawadi ya saa ya ukutani. Mtu ambaye hajachelewa kazini miaka hamsini na minne hana shida na saa. Apewe muhuri wake mkononi, mbele ya watu, na ripoti ile iandikwe upya kwa jina la aliyeamuru. Sisi wengine tumeshachukua mihuri yetu. Kwenye droo umebaki wake tu, na unangoja mkono wa mwenyekiti. Mama Itohara amesema atakaa mstari wa mbele, na nakala yake atakuja nayo.

Mzee Katsube, ahsante kwa mianzi yote uliyoifunga chini ya miguu yetu. Magoti yako yapumzike. Uishi salama, na kila jikoni ukiingia ukute chai.

Jarida hili huwa namtumia mama yangu kule Tsugaru, kwa hiyo nalisema hapa. Mama, nilikuahidi kurudi mwaka mpya huu, nisamehe. Kamba za ukuta wa Itohara lazima zilegezwe kila majira ya baridi zisije zikauma gome, na mzee amenikabidhi mimi kazi hiyo. Anasema pengo litaziba masika ya mwaka wa nne. Nitarudi nyumbani Aprili 2022.