Bi. Verna Osterhaus, Fundi wa Mizizi ya Maneno

Alhamisi tarehe 12 Juni, Bi. Verna Osterhaus atarudisha ufunguo wa chumba namba 114, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha Kiingereza hapa Sekondari ya Alder Falls. Nimeombwa mimi niandike wasifu wake kwa sababu darasa langu la hisabati linapakana na lake, na ukuta wetu ni mwembamba. Mnisamehe nikiandika kichovu. Ni wiki ya mitihani, na sote tunajikokota.

Alifika akiwa na miaka ishirini na sita, na mwaka wake wa tatu akaanzisha somo la mizizi ya maneno. Watoto wetu, wengi wao wana wa wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, walikuwa wakikutana na neno refu la Kiingereza wanaliruka kama dimbwi. Yeye akawafundisha kulikata vipande. Kwake neno lilikuwa kama mtu: lina wazazi, lina ukoo, na mara nyingi babu yake ni Mrumi. Ukishajua kwamba "port" kwa Kilatini ni kubeba, maneno mengi hayakutishi tena.

Nyuma ya ukuta ule nilisikia mengi. Siku moja aliwaeleza kwamba neno la Kiingereza la msuli lilianza likimaanisha panya mdogo, kwa kuwa Warumi waliona msuli ukicheza chini ya ngozi kama panya. Basi, mwaka mzima wachezaji wetu wa futiboli walitaniana koridoni, "Hebu tuone panya wako!" na "Huyo wa kwako ana njaa, kaka!" Mkuu wetu wa shule, Bw. Leland Fitch, alidhani jengo limeingiliwa na panya kweli, akaita watu wa dawa ya panya.

Lakini ninalotaka kulisimulia ni la Joleen Skibba. Alikuwa binti wa miaka kumi na sita, mkimya, mwenye alama za kubahatisha. Baba yake alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia. Mama alikuwa zamu kiwandani, hivyo Joleen ndiye aliyempeleka kwenye upasuaji. Wakiwa wanasubiri, akaiona karatasi ya baba yake. Kwenye nafasi ya jicho la kupasuliwa paliandikwa herufi mbili tu, O na S; O ni ya "oculus", yaani jicho kwa Kilatini. Bi. Verna alikuwa amewafundisha kwamba "sinister" kwa Kilatini ni kushoto, na kila alipolitamka darasa zima lilinyosha mkono wa kushoto. Joleen akamwita nesi.

"Samahani dada, hii S si ni kushoto? Jicho bovu la baba ni la kulia."

"Mdogo wangu, hiyo ni lugha ya madaktari. Tulia tu."

"Nitatulia. Lakini naomba ukamwulize daktari kwanza."

Nesi akaenda, uso umekunjamana. Aliporudi alikuwa na karatasi nyingine, iliyosahihishwa. Bw. Skibba alipasuliwa jicho la kulia. Hadi leo anaendesha gari mwenyewe.

Mwaka uleule, bodi ya shule ikapanga kulifuta somo hilo na kuleta programu ya kompyuta. Bi. Verna alipewa dakika tatu za kulitetea. Tulimsihi aseme habari ya Joleen. Akakataa. "Ugonjwa wa mzee wa watu si karata yangu ya kuchezea," alisema. Akazungumzia mizizi, akazungumzia watoto, dakika zikaisha. Kura zikawa tano kwa mbili, somo likafutwa.

Nilikuwepo ukumbini. Kipaza sauti kilikuwa hatua nne kutoka kiti changu, na yeyote aliruhusiwa kusema. Nilikuwa nimechoka, nina mitihani ya kusahihisha, nikakaa. Hilo limenikaa rohoni miaka tisa.

Baada ya hapo alifundisha Kiingereza cha kawaida, na mizizi akaihamishia saa ya chakula cha mchana, kwa atakayependa. Siku nyingine walikuja wanafunzi watano. Siku nyingi hakuja mtu. Nilimwona mara nyingi akila mkate wake peke yake mbele ya ubao alioujaza maneno tangu asubuhi. Saa ilipokwisha alifuta mwenyewe, taratibu, akashika kiuno, akarudi kazini. Aliendelea hivyo miaka tisa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake nikamwomba radhi kwa kukaa kimya siku ile. Alikuwa anapanga vitabu kwenye maboksi. Hakuinua hata kichwa.

"Dale, hata mimi ningekuwa na hiari siku ile ningekaa. Miguu ilikuwa inaniwaka moto. Hebu nishikie boksi hili."

Nikalishika. Tukapakia mpaka kengele ikalia.

Kwa hiyo niliyopaswa kuyasema ukumbini nimeyaandika hapa, yamechelewa. Mwalimu, kwa niaba ya wenzako wote, na ya kila mtoto aliyeacha kuliogopa neno refu, ahsante. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, na miguu isiyouma.