Mfuko Aliougeuza Lorraine

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, Lorraine Pascoe atarudisha funguo zake baada ya miaka ishirini na sita katika hospitali yetu ya Korrumbin. Miaka kumi na mmoja ya kwanza alikuwa kwenye chumba cha kufulia. Kumi na mitano iliyofuata alikuwa akimleta Pikelet wodini kuwachangamsha wagonjwa.

Kwa mgeni asiyemjua, Pikelet ni farasi kibeti, hafiki kiunoni, anavaa viatu vinne vya mpira na huingia kwenye lifti kinyumenyume. Lorraine alimzoesha hivyo ili mlango ukifunguka juu, wagonjwa waone uso kabla ya mkia. Madaktari walicheka sana mwanzoni. Siku hizi hao hao hupanga foleni kumkuna shingo, na wengine hawana hata mgonjwa wa kumwona ghorofa ile.

Lorraine alikuwa na sharti moja: ndani ya jengo Pikelet hapewi chakula, hata chembe. "Mkimlisha mmoja tu," alituonya, "atatupekua wote, mpaka mganga mkuu."

Hapa ndipo naona aibu. Mimi, Deb Hallinan, muuguzi mkuu wa wodi ya wazee, nililivunja sharti hilo. Kila Jumatano, Lorraine akienda kunawa mikono, nilimmegea Pikelet biskuti ya shayiri kutoka mfuko wa sare yangu. Kazi ilikuwa imenichosha, na nilipenda kuona kuna mtu anayenikimbilia mimi.

Machi mwaka jana, Des Kilmartin, mzee aliyekata manyoya ya kondoo maisha yake yote, alisimama na fremu yake ya kutembelea amevaa gauni la wagonjwa lenye mfuko. Pikelet akaingiza pua humo. Des akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono.

Fomu ya ajali niliijaza mimi. Niliandika: mnyama alibadilika ghafla bila sababu. Kwenye kikao cha uongozi Lorraine hakujitetea. "Kamba nilishika mimi," alisema. "Basi kosa langu." Mimi nikainamia daftari langu. Pikelet akapigwa marufuku miezi mitano, Lorraine akarudishwa kukunja mashuka.

Des mwenyewe hakuwa na kinyongo. "Jamani, kondoo wamenibwaga miaka arobaini, hakuna aliyewajazia fomu!" Kila Jumatano aliniuliza, "Deb, mwanangu, yule mfupi anakuja leo?" Nilimjibu kwamba wakubwa bado wanajadili. Des alifariki Julai. Pikelet alirudi Agosti.

Wiki iliyopita nilimfuata Lorraine zizini, nikamweleza yote huku nalia. Aliendelea kumpiga Pikelet brashi.

"Najua, Deb. Siku ya kwanza niliporudi kufulia, nilikuta sare yako ya Jumatano ile. Nikageuza mfuko. Makombo matupu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja wewe, dada. Mwaka na zaidi nimekungoja. Sasa kuniambia mimi kunasaidia nini? Kawaambie wenzetu."

Basi nawaambia. Pikelet hakubadilika ghafla, na Lorraine hakumfundisha vibaya. Niliyemharibu ni mimi, na aliyebeba lawama ni yeye. Fomu nimeisahihisha, barua yangu iko kwa uongozi, na binti yake Des nimempigia simu.

Chai ya kumuaga Lorraine ni Ijumaa hiyo saa nne asubuhi, mlangoni mwa chumba cha kufulia. Pikelet anastaafu naye. Wanahamia kwenye malisho ya mdogo wake Lorraine. Keki zitakuwepo za kutosha, ila tafadhali, msimlishe.

Asante, Lorraine, kwa kila uso uliochangamka lifti ilipofunguka. Sote tunakuombea mapumziko marefu na yenye raha. Mimi nitakuwepo, nimesimama nyuma. Mfuko wa sare yangu nimeushona mdomo.