Mgongo wa Fundi Bawaba

Ndugu, majirani na mafundi wenzake mliomsindikiza: marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne, wa kiume peke yake. Alipofikisha mwezi mmoja, mama yake alimkabidhi kwa binti yake mkubwa wa miaka tisa amlee wakati yeye yuko kazini. Dada huyo ndiye anayesoma maneno haya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1989, akamaliza 1995. Huko ndiko alikopewa jina la Bawaba, kwa sababu alikuwa mwembamba na akicheka alijikunja katikati mpaka kichwa kikagusa magoti. Siku moja mwalimu wa hesabu alimtoa nje kwa kucheka. Akaendelea kucheka huko nje peke yake, hadi mwalimu naye akashindwa kujizuia, somo likaishia hapo. Mwaka 2000 alihitimu uchomeleaji katika chuo cha ufundi.

Alifanya kazi miaka ishirini na nne katika karakana moja, chini ya mzee aliyemwonyesha namna ya kushika mashine. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda vya wagonjwa. Kiti hakikutoka mikononi mwake kabla hajakikalia na kufumba macho, na mara nyingine alisinzia hapo hapo mteja akimsubiri. Hakuna aliyewahi kurudisha kiti chake.

Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa, wakajaliwa binti, kisha mwana. Hapa ndipo karatasi iliyopitishwa na kikao cha familia ilipoandika kwamba waliishi kwa upendo na maelewano. Baba mdogo, mwenyekiti wa kikao, alimtuma dada mtu aipeleke kwa mpiga chapa, kwa kuwa ofisi ya dada iko jirani na hapo. Baba mdogo alikosea mtu. Mliokwisha kufungua ukurasa wa tatu wa kijitabu mlichogawiwa mmeona kuwa sentensi ile haipo. Iliyopo ni hii: mkewe alimpiga kwa miaka tisa.

Alimpiga kwa mwiko, kwa pasi, na kwa mguu wa stuli aliyoitengeneza mwenyewe marehemu. Mwaka 2017 marehemu alikwenda kituo cha polisi akiwa na jino lake kwenye kiganja. Askari wa zamu akawaita wenzake waje wamwone. "Mkeo? Yule anayekufika kifuani?" Wakavunjika mbavu, kisha wakamwambia aende nyumbani akajifunze kuwa mwanaume. Mwaka uliofuata akalileta jambo hilo kwenye kikao cha familia. Baba mdogo akasema mbele ya wote, "Umekaliwa, halafu unakuja kutangaza. Unatutia aibu." Habari zikafika karakana, na asubuhi moja akakuta aproni ya jikoni imetundikwa kwenye msumari wake wa kutundikia koti. Aliivaa siku nzima. Alicheka pamoja nao, lakini hakujikunja.

Na huyu dada anayesoma, msidhani anajitoa. Mwaka 2021 mdogo wake alimjia mkono umefungwa bendeji, akamweleza kila kitu. Dada mtu akamwekea chai na kumwambia, "Jikaze kisabuni. We mwanaume, yeye atakuumiza nini?" Akanywa chai yote, akaosha kikombe, akaaga. Hakulisema tena. Kuanzia hapo kila alipoonekana na alama ya moto alijibu, "Cheche tu hizo, dada," nasi tukaridhika. Mchomeleaji ataachaje kuungua?

Jumanne tarehe 4 Februari 2025 alikuwa ameinama akimfunga mwanawe kamba za viatu, mkewe akammwagia mafuta ya moto mgongoni. Alivaa koti la ngozi la kazi juu ya malengelenge, akaenda karakana siku nne. Jumamosi alianguka kando ya mtungi wa gesi. Hospitalini, baba mdogo alimwandikisha kuwa amepata ajali kazini, na ingeishia hapo kama mzee wa karakana asingekuja kumtazama wakati muuguzi anabadilisha bendeji. Mzee aliutazama mgongo ule, kidonda kipya na makovu ya zamani.

"Cheche zinaruka kifuani na mikononi," akasema. "Mimi nimechomelea miaka thelathini na nane. Nani anachomelea kwa mgongo?"

Daktari akamwita binti wa miaka kumi na mmoja, akamuuliza kwa upole. Mtoto akajibu, "Mama alimmwagia mafuta ya kukaangia. Babu alisema nisiseme." Daktari akaandika yote mawili. Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 14 Februari 2025, saa nane mchana, sumu ya kidonda ikiwa imeingia kwenye damu, akibakiza mwezi mmoja kutimiza miaka arobaini na minne.

Dada yake aliipeleka taarifa ya daktari kituo kile kile, akasimama mbele ya meza ile mpaka ikagongwa mhuri. Safari hii hawakucheka. Wale watu wawili waliosimama getini hawakuja kuzika. Walitaka kuja asubuhi, ila dada mtu aliwaomba wasubiri, ili mjane ausikie wasifu huu wote akiwa amekaa palepale alipo, mstari wa mbele, na miwani yake myeusi. Wifi, usimame tu wakikuita. Hakuna atakayekugusa. Hicho ndicho ulichomnyima yeye.

Marehemu ameacha binti na mwana, ambao kuanzia leo wanalala kwa shangazi yao. Ameacha dada wawili na mdogo wa kike, na mmoja wao alimpa chai. Ameacha mafundi wenzake hodari wa utani. Ameacha askari wa zamu, ambaye siku hizi ni mkuu wa zamu. Ameacha mjane. Ameacha baba mdogo, ambaye sasa hivi ananyoosha mkono akichukue hiki kipaza sauti. Ngoja, Baba, umebaki mstari mmoja.

Fundi Bawaba apumzike kwa amani. Sisi aliotuacha, tusiipate.