Kitufe cha Kuziba Pengo

Wapendwa, sifa zimrudie Bwana. Wengi wenu mnanijua: mie ni Neema, binti wa Mama Neema, mweka hazina wa kamati ya ujenzi hapa Tandika. Mnajua pia kwamba tangu nirudi kutoka chuo kikuu nimekuwa mtu wa maswali. Nimewauliza wazee kwa nini mvua inyeshe kwa waovu, nimemuuliza mchungaji kwa nini maombi yawe na saa maalumu. Kwa hiyo mkiniona nimesimama hapa kutoa ushuhuda, msishangae sana. Hata mie bado nashangaa.

Ndugu zangu, mnakumbuka kikao kile ambacho Mzee Elinami wa kamati yetu alisema hatuwezi kununua mabati kabla hesabu za jengo hazijachunguzwa. Hakumtaja mama yangu. Alisema tu, "Siku hizi kila kitu kinapatikana madukani, na tamaa nayo inapatikana." Watu wakacheka, halafu wakamtazama mama. Mama aliinamisha uso, akakunja kitenge chake magotini. Ndipo mchungaji akasema kazi ya kuchunguza apewe Neema, maana amesoma na kazini kwao kuna kompyuta. Mama akaitikia kabla yangu. Akasema, "Apewe. Mwanangu hajui kupendelea mtu."

Nikaondoka na daftari la mama na taarifa ya benki.

Nilikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini. Bosi wangu alikuwa ameletewa kutoka Dubai programu ya kutunza hesabu za mtu binafsi, ipo kwenye disketi, aitumie kwa mambo ya nyumbani kwake. Akaniruhusu kuitumia Jumamosi baada ya kazi. Kazi yake ni rahisi kueleza. Unaingiza mapato na matumizi yako kama ulivyoyaandika mwenyewe. Kisha unachukua taarifa ya benki, unapitia mstari mmoja mmoja, na kila kinacholingana unakiwekea alama ya vema. Chini ya kioo cha kompyuta kuna tarakimu moja inayoonyesha tofauti. Ukimaliza vizuri, tarakimu hiyo inakuwa sifuri.

Yangu haikuwa sifuri. Daftari la mama lilisema tumekusanya fedha nyingi kuliko zile zilizofika benki, tena si kidogo. Ilikuwa kama bei ya mabati ya upande mmoja wa paa. Mama alikuwa na desturi ya kuandika jumla moja kwa kila Jumapili, sadaka na mnada kwa pamoja, kwa hiyo sikuweza kuona upungufu umetokea wapi. Jumapili moja inalingana, inayofuata inapungua, mbili zinalingana, halafu inapungua tena. Nilirudia kuanzia mwanzo. Nilifikiri labda nimekosea kuingiza, nikasoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari. Tarakimu ile ile.

Sasa niwaambie kitu ambacho hamkukijua. Mwaka ule mama alikuwa amenunua friji. Ya mtumba, lakini friji. Aliuza barafu na juisi ya ubuyu, na sikuwahi kumuuliza hela ametoa wapi. Mie ninayeuliza kila kitu! Nilikaa mbele ya kioo kile nikaiona friji ile ikiwa imesimama kwenye kona ya sebule yetu, na jasho likanitoka kana kwamba feni imezimwa.

Ndipo programu ikaniuliza swali. Liliandikwa kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa: je, ungependa tukuandikie marekebisho ili hesabu ilingane? Kulikuwa na kitufe kimoja tu cha kubonyeza. Ukikibonyeza, kompyuta inaandika yenyewe kiasi kinachopungua, inakiita marekebisho, na tofauti inakuwa sifuri. Hakuna kiongozi hapa ambaye angejua. Ningechapisha karatasi safi, ningeileta kikaoni, Mzee Elinami angenyamaza, na mama yangu angeendelea kukaa kiti cha mbele.

Ndugu zangu, kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilitamani umeme ukatike. Kipindi kile cha mgao, umeme ulikatika ovyo, ukikatika unapoteza kazi yote, na siku nyingine zote niliulaani. Siku ile nikauomba ukatike, ili nisiamue. Haukukatika. Feni ilizunguka, kioo kikaendelea kunisubiri.

Nikaomba. Msidhani nilisikia sauti, sikusikia. Niliomba kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina wenyewe. Nikasema: "Kama upo, nisaidie nisiwe mwongo, na unisaidie nisimpoteze mama." Mambo hayo mawili niliyaona hayawezi kukaa pamoja. Halafu likanijia swali ambalo tangu mchana nilikuwa nalikimbia. Umeiuliza kompyuta mara zote hizi. Mama yako umemuuliza?

Sikuwa nimemuuliza kwa sababu niliogopa atajibu.

Nikatoa kidole. Nikaizima mashine bila kubonyeza kile kitufe, nikarudi nyumbani. Mama alikuwa uani anafunga barafu kwenye vifuko. Nikamsalimia, nikasimama tu.

"Una nini? Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, mama. Hesabu ya kanisa ina pengo. Kubwa."

Hakuacha kufunga. "Pengo la Jumapili zipi?"

Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole vyenye maji. Kisha akacheka, ndugu zangu. Mie nakaribia kuzimia, yeye anacheka.

"Hizo si Jumapili za Baba Tumaini na jogoo wake?"

Mnamjua Baba Tumaini, mwenye duka la saruji kule barabarani. Mnajua alivyo kwenye mnada wa baada ya ibada: analetwa jogoo wa sadaka, yeye anapanda bei mpaka wengine wanakaa, ananunua, halafu anasema, "Namrudisha kwa Bwana, auzwe tena." Na kila anachotamka, mama anakiandika.

"Sasa hela yake iko wapi?" nikauliza.

"Hela? Baba Tumaini lini katoa hela? Analipa saruji. Jumatatu mkokoteni unaleta mifuko kwa fundi. Kila mtu anajua."

"Kompyuta haijui, mama."

"Basi kompyuta yako haisali kanisani kwetu."

Nikakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mama akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Na friji? Hukutaka kuniuliza na friji?"

Nikaokota kifuko kimoja cha barafu, nikakigeuzageuza.

"Ni upatu, Neema. Wa akina mama wa sokoni. Tunachangiana, na zamu yangu ya kuchukua ilifika. Ulikuwa unaniogopa hivyo?"

Nikalia, hata sasa sioni haya kulisema.

Siku iliyofuata tulikwenda naye kwa Baba Tumaini. Akatoa nakala za stakabadhi za dukani, akatuzungusha kwenye jengo huku akipiga matofali kwa kiganja. "Ukuta huu wa madhabahuni ni jogoo wa Pasaka. Ule wa dirishani ni yule mwekundu aliyemdonoa mchungaji." Jumamosi nikarudi kwenye mashine, nikaandika saruji kama saruji, na pengo likayeyuka karibu lote.

Karibu lote, ndugu zangu. Kikabaki kiasi kidogo ambacho si saruji, si jogoo, na mama hakukumbuka ni nini. Akasema yuko tayari kukilipa kutoka kwenye barafu, kisha akajikataza mwenyewe. "Hapana. Nikikilipa nitakuwa nimeziba nisichokijua. Kisome mbele ya watu."

Nilikisoma. Mlikuwepo. Mzee Elinami akauliza, "Na hicho kilichobaki?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, sijui. Na mama hajui." Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mzee akaiomba karatasi, akaipitia. Kisha akasema, "Andikeni hivyo hivyo, kwamba hakijulikani. Na Mama Neema aendelee na kazi." Akamgeukia mama mbele yetu sote, akamwomba radhi.

Wapendwa, maswali yangu bado ninayo, na mchungaji anajua atayasikia. Lakini namshukuru Mungu aliyeniondolea hofu iliyokuwa tayari kumhukumu mama yangu kwa jina la kumwokoa. Kama miongoni mwenu kuna mtu mwenye jambo lisilolingana, na mume, na ndugu, na mwanao, nawasihi msilizibe kwa kitu cha uongo. Mwamini Bwana kiasi cha kuuliza. Na ukitoka hapa leo, usingoje ibada nyingine. Nenda ukamuulize yule unayemwogopa.