Jiwe la Nyuma ya Choo

Benchi lenyewe ni ubao wa mashua iliyostaafu, umelazwa juu ya mawe mawili mbele ya karakana ya Bonface, pale Mbita ambapo barabara huteremka kwenda ziwani. Damaris huleta birika la kahawa ya tangawizi saa mbili asubuhi, na ikifika saa mbili na robo hakuna jambo duniani lililokosa mtaalamu. Siku hiyo jambo lilikuwa moja tu: kaunti inataka kujenga mtambo wa kusafisha maji taka nyuma ya ploti ya Kerosi. Kerosi, Mkisii aliyekuja mjini kuuza ndizi akaishia kujenga vyumba kumi vya kupangisha, na ambaye benchi humwita Omogaka, yaani mzee kwa Kikisii, alikuwa na karatasi ya kuupinga. Ilibaki sahihi moja zitimie thelathini, na chifu aliisubiri adhuhuri.

— Mimi naogopa harufu, alisema Kerosi. Mpangaji gani atakubali kuamka akinusa choo ya mji mzima? Wataniachia nyumba tupu.

— Harufu ni kitu kidogo, Omogaka, alisema Cephas, ambaye huitwa Redio kwa kuwa hana kitufe cha kumzima. Shida ni wadudu. Nasikia huko ndani wanafuga wadudu ya kula uchafu. Sasa uchafu ikiisha, watakula nini?

Swali lilikuwa na akili kuliko mwenye kuliuliza, na Kerosi alitamani kweli kujua jibu.

— Watakuja kwa watu, alisema Bonface. Yeye ni fundi wa injini za boti, na wote humwita Injinia isipokuwa wenye boti. Na wakikosa watu, wataingia kwa samaki wadogo, kwa omena.

— Na hiyo maji ikishasafishwa inapelekwa wapi? aliuliza Damaris.

— Si ziwani, mama, alisema Injinia. Gugu maji litayanywa, linone, mpaka siku moja unatembea juu yake unafika kisiwa cha Rusinga bila daraja.

— Omera, ndugu yangu, umesahau nyati, alisema Redio. Wale wa mbuga ya Ruma wakinusa hiyo kitu, watatoka bonde la Lambwe, wote, na watapitia hapa kwa benchi.

Damaris alicheka mpaka akaliweka birika chini. Mifereji ilikuwa na siku tatu haijatoa tone, akasema, na asubuhi alilazimika kuchota ziwani, pale korongo linapoishia majini. Lakini tangawizi huficha mengi. Wote wakakubali kahawa ni tamu. Kisha Damaris akaomba kalamu ili atie sahihi.

Kerosi alimpa haraka, bila kumtazama usoni. Kuna jambo ambalo benchi lile halijawahi kulitaja. Ardhi ya Mbita ni mwamba. Ukichimba choo unafika kiunoni tu, na gari la kunyonya uchafu halipiti vichochoroni. Kwa hiyo nyuma ya choo cha Kerosi, chini kabisa, kuna jiwe lisilojengewa kwa saruji. Mvua kubwa ikianza, Kerosi hulivuta, na mafuriko hubeba uchafu wote kupitia korongo hadi ziwani. Injinia analo jiwe lake. Redio analo. Kila mmoja amemwona mwenzake akiinama kwenye mvua, na kila mmoja akageuza uso kwa adabu. Mvua ya mwisho ilinyesha juzi.

Damaris alikuwa ameandika herufi mbili za jina lake aliposimama mbele yao mwanamke mwenye mkoba na viatu vyenye tope.

— Hamjambo. Naitwa Marcella, ni muuguzi, nimehamishwa hapa kutoka Rongo. Nimeambiwa mwenye ile ploti ya mabati ya kijani anakaa hapa.

— Ni mimi, dada, karibu, alisema Kerosi, akijawa na furaha. Nyumba umeiona?

— Nimeiona, ni safi, nimeipenda. Nilikuwa na swali moja tu. Wapangaji ni wengi na choo hakina kina kirefu. Kikijaa, hiyo uchafu inaenda wapi?

Redio aliinama kufunga kamba za kiatu. Injinia akaanza kuangalia spana yake.

— Mjibu mgeni, Omogaka, alisema Damaris.

Kerosi aliinamisha macho kwenye tope la viatu vya mgeni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Damaris alimtazama yeye, akamtazama Redio, akamtazama Injinia, kisha akageuka kuangalia korongo, taratibu, kutoka juu kwenye ploti hadi chini kwenye maji. Aliirudisha kalamu juu ya karatasi bila kumaliza jina.

Marcella aliaga kwa heshima, akaenda kutafuta kwingine.

Birika lilikuwa bado nusu. Hakuna aliyeomba kuongezewa.